Diski ya Kumi na Moja

Kwa miaka thelathini Delmar Tollefson alikuwa na neno moja tu kuhusu watu wanaosikiliza vitabu badala ya kuvisoma, na neno lenyewe ni "wavivu." Alilisema mkahawani asubuhi, akalisema kanisani wakati wa kahawa baada ya ibada, akalisema hata mbele ya kaunta ya maktaba ya Nordby, tena kwa sauti, mkutubi asije akasingizia kuwa hakusikia. Mwaka ule maktaba iliponunua kaseti za kwanza za vitabu, Delmar aliitoa kadi yake mfukoni, akaiweka kauntani, akasema yeye hawezi kuwa mwanachama wa mahali ambapo watu wazima wanalishwa kwa kijiko. Akatoka zake. Nadhani alitarajia maktaba ifungwe kwa huzuni. Haikufungwa.

Sasa tazama mambo ya Mungu. Mwezi wa Oktoba, akiwa na miaka sabini na moja, alikwenda kwa daktari wa macho mjini, peke yake, na daktari akamwambia kwamba macho yake yote mawili yamechoka katikati. Pembeni kunaona, katikati hakuna kitu. Yaani kile unachokitazama ndicho kinachopotea. Asiendeshe gari jua likianza kushuka, na Aprili arudi apimwe tena. Akishindwa kipimo, leseni ndiyo basi. Delmar, aliyeendesha gari la kusukuma theluji kwenye barabara za wilaya hii kwa miaka arobaini, alimshukuru daktari kwa adabu zote, akapanda pikapu yake, akaendesha kilomita sitini hadi nyumbani. Jua lilikuwa linashuka.

"Daktari kasemaje?" Lavonne mkewe akauliza, akikoroga supu.

"Si mbaya."

Hilo ndilo jibu letu sisi watu wa Nordby, na sijui kama sehemu nyingine za Minnesota wana jingine. Mtu akivunjika mguu, si mbaya. Ghala likiungua, si mbaya, ingekuwa mbaya kungekuwa na upepo. Huulizi zaidi ya hapo, maana kumwuliza mtu swali la moja kwa moja huku kwetu ni kama kumvua shati sokoni. Kwa hiyo Lavonne akapakua supu.

Kilichomuuma Delmar hata si macho. Macho alikuwa radhi kuyapoteza, ni suala la taratibu, mtu anazoea. Funguo za gari, hapana. Duka liko mbali, kanisa liko mbali, na mwanamume asiye na gari huku ni kifurushi: hubebwa, huwekwa mahali, husubiri kufuatwa. Miaka arobaini yeye ndiye aliyewafungulia watu wote barabara, halafu leo aombe kupelekwa kunyoa nywele? Akaapa kimoyomoyo kwamba hakuna atakayejua mpaka Aprili. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Delmar hakuwahi kuwasikiliza wahenga; labda kwa sababu nao walikuwa wanasikilizwa badala ya kusomwa.

Novemba, wakitoka kanisani, theluji ya kwanza ikaanza kuanguka. Lavonne akasimama kando ya pikapu akivaa glavu.

"Niendeshe mimi leo?"

"Hapana, niko sawa."

Akapanda upande wake. Hapo ni lazima niseme jambo moja. Nordby, mtu akikupa kitu, unakataa. Akikupa tena, unakataa tena, kwa upole zaidi. Akikupa mara ya tatu, unapokea na kusema, "Basi, kama si usumbufu." Anayepokea mara ya kwanza ni mlafi. Anayeuliza mara mbili tu na kuishia hapo ni bahili, na mazishi yake yatahudhuriwa na wachache. Kahawa, keki, kazi, hata posa, vyote hupita njia hiyo. Lavonne alikuwa ameuliza mara moja. Delmar akawasha gari, akaifuata barabara kwa kumbukumbu.

Jioni ndizo zilizomshinda. Delmar alikuwa mtu wa riwaya za upelelezi, kila siku baada ya chakula, miguu kwenye kigoda. Sasa akawa anakaa na kitabu kilekile, anafungua, anatazama doa la kijivu mahali maneno yalipokuwa, anageuza ukurasa kila baada ya dakika mbili. Kama saa ya ukutani. Wiki mbili nzima.

"Unasoma haraka siku hizi," Lavonne akasema.

"Kitabu kizuri."

"Kinahusu nini?"

"Mauaji," Delmar akasema. Hapo hakuwa mbali na ukweli, maana aliyekuwa anakufa pole pole ni yeye, kwa kukosa la kufanya.

Krismasi iliyopita binti yao Britta alikuwa amemnunulia baba yake simu ya kisasa, akamkuzia maandishi yakawa makubwa kama ya bango la uchaguzi, na akaiwekea programu ya maktaba kwa kadi ya mama yake, kwani ndiyo kadi pekee iliyobaki nyumbani. "Huwezi jua, Baba," alisema. Baba alisema anajua sana. Lakini Januari ile, mchana mmoja, Delmar aliingia gerejini, akafunga mlango, akavaa hedifoni za kuzuia kelele alizokuwa anavaa kazini, zile za kuunganishwa na simu, akaibonyeza ile programu. Alitazama kando kidogo, kama kuku, ili aone.

Alitaka upelelezi tu, kisha atoke. Mwenzangu, ule haukuwa mchana wa kutoka. Kila kitabu chenye jina kilikuwa na foleni. Wewe ni wa mia mbili na sita. Wewe ni wa tisini na nane, subiri kama wiki kumi na mbili. Delmar alipigwa na butwaa. Kumbe wavivu wote wa wilaya nzima walikuwa wamepanga mstari mbele yake! Kitu kimoja tu kilikuwa tayari, kwenye rafu ya kadi yenyewe: riwaya ya mjane wa kisiwani na mgeni aliyeletwa na dhoruba, ile ambayo kila mtu alikuwa anaiazima mwaka huo. Lavonne alikuwa ameisubiri wiki kumi na tisa. Alikuwa na siku ishirini na moja za kuimaliza, na yeye ni mtu wa mpangilio: nusu saa kwa siku, wakati wa kukanda unga, basi.

Delmar akabonyeza. Asikilize dakika tano, apate la kucheka.

Saa mbili na nusu baadaye miguu ilikuwa imekufa ganzi na mgeni alikuwa amembusu mjane ghalani. Msomaji alikuwa na sauti nzito yenye subira, sauti ya mtu ambaye hajawahi kutafuta maegesho. Delmar alizima, akajifuta jasho, akapiga nyundo mara tatu kwenye ndoo ili nyumbani wasikie kazi inafanyika.

Kesho yake, wakiwa mezani, kwenye sahani kuna viazi vya kuokwa juu ya nyama ya kusaga, Lavonne akaweka uma chini.

"Kuna mtu anasikiliza kitabu changu."

Delmar akapaliwa.

"Niliacha sura ya tisa. Leo nafungua, kinaanza sura ya kumi na nne. Mgeni kashapigwa risasi! Mimi hata sikujua kuna bunduki!"

"Hizo mashine," Delmar akasema akikohoa. "Ndiyo maana mimi nasema vitabu—"

"Najua unavyosema, Delmar. Wote tunajua."

Mtu mwingine angekoma. Lakini mgeni alikuwa na risasi begani na kivuko hakiendi mpaka Jumatatu. Ungekuwa wewe ungeacha? Delmar aliendelea. Programu ile ni mbea kupindukia: popote unapoachia, inaweka alama, na simu nyingine yenye kadi hiyohiyo inaanzia hapohapo. Hili mtoto wa darasa la tatu analijua. Delmar alidhani kila simu ina kitabu chake, kama kila mtu alivyo na mswaki wake.

Siku ya nne Lavonne akaenda maktaba kulalamika. Aliporudi, Delmar alikuwa jikoni anajifanya anatafuta bisibisi kwenye droo ya vijiko.

"Corinne kaangalia," Lavonne akasema akivua koti. Corinne ndiye mkutubi. "Kadi yangu inatumika kwenye simu mbili."

"Loh. Nyingine ya nani?"

Lavonne akashikilia koti mkononi. Delmar alimtazama apate kujua kasimamaje, akaona nywele, akaona mabega, na katikati, mahali pa uso, pale alipopatazama miaka arobaini na sita akijua kila kitu bila kuuliza, hapakuwa na kitu. Akaogopa kuliko alivyoogopa kwa daktari.

Na mtu aliyeogopa husema ovyo. "Atakuwa Arvilla," akasema.

Arvilla Stenberg ni jirani yao wa ng'ambo ya barabara, mjane, mwimba sauti ya pili kanisani, mtu ambaye hata mbwa wake anaomba radhi kabla ya kubweka.

"Arvilla," Lavonne akarudia pole pole.

"Si ana simu mpya? Na kile kitabu cha mwezi uliopita alijua mwisho kabla ya wenzake wote kwenye klabu yenu ya vitabu. We mwenyewe ulisema."

"Kweli nilisema." Lavonne akatundika koti. "Basi atakuwa Arvilla. Tumwache, maskini. Labda ana sababu zake."

Delmar akashusha pumzi, akaenda zake gerejini kumsingizia mjane huku akimsikiliza mjane.

Tangu siku hiyo malalamiko yakaisha. Badala yake, kila jioni, Lavonne akawa anatoa taarifa.

"Leo Arvilla kafika sura ya ishirini na mbili. Jana alikuwa kumi na tisa. Huyu mama hapiki?"

Au: "Arvilla kairudia sura ya ishirini yote. Ile wanaporudi ghalani. Nani angemdhania, mtu wa kwaya!"

Delmar aliinamisha kichwa juu ya sahani na masikio yakamwiva. Kwa nini hakushtuka, hebu niambie? Mtu aliyeisoma barabara ya barafu gizani kwa miaka arobaini, mkewe anamkaanga kwa mafuta yake mwenyewe kila siku saa kumi na mbili, naye anaomba chumvi. Ndivyo kiburi kilivyo. Hakizibi masikio, kinaziba katikati.

Sura ya ishirini na tano mjane anamzika kaka yake, na mvua inanyesha, na mgeni hawezi kuja kwa sababu ya ugomvi wao. Delmar alilia. Alilia kweli, ameketi juu ya mashine ya kupulizia theluji, akijifuta kwa kitambaa cha grisi, na hakujua kama analia kwa ajili ya kaka wa mjane au kwa ajili ya Aprili.

"Arvilla leo kafika ishirini na tano," Lavonne akasema jioni. Safari hii hakucheka. "Natumai alikuwa na kitambaa safi."

"Kwani inahuzunisha?"

"Si mbaya," Lavonne akasema.

Siku ya ishirini na moja, kitabu kikatoweka. Hivyo ndivyo maktaba za simu zilivyo. Hakuna kuomba, hakuna kujificha, muda ukiisha kitabu kinachukuliwa mkononi mwako na kupewa mtu anayefuata kwenye foleni. Delmar alikuwa sura ya thelathini na moja kati ya thelathini na nne. Alibonyeza, akabonyeza, akaitikisa simu kama chupa ya sosi. Lavonne yeye alikuwa amemaliza, alikuwa anakesha kidogo kidogo jikoni ili amtangulie mwizi wake. Yeye hakukesha bure.

"Maskini Arvilla," akasema akipanguza meza. "Kabakiza sura tatu. Nikijiunga foleni leo ni wiki kumi na saba." Akapanguza pale pale palipokwisha pangusika. "Ingawa maktaba bado wanacho kwenye diski, zile CD. Siku hizi hazina watu, nani bado ana cha kuchezea? Labda mtu mwenye gari la zamani."

Pikapu ya Delmar ni ya zamani.

Huwezi kula ng'ombe mzima ukashindwa na mkia. Kesho yake saa nne asubuhi, jua liko juu, Delmar aliingia maktaba ya Nordby kwa mara ya kwanza tangu enzi za kaseti. Corinne akamtazama kama anayetazama paa anaingia duka la bunduki.

"Bwana Tollefson! Umepotea njia?"

"Nimetumwa na Lavonne. Anataka diski za kile cha mjane."

"Lavonne si alishamaliza? Alhamisi kazungumza klabuni saa nzima."

"Anarudia."

"Ee-hee," Corinne akasema, akaleta boksi. "Diski kumi na moja. Siku saba tu, kuna dereva wa lori anazisubiri Jumatano. Na tafadhali sana uhakikishe zote zimo unaporudisha. Watu wanaisahau ile ya mwisho ndani ya gari, kila siku ni hiyohiyo ya mwisho."

"Labda watu wavivu," Delmar akasema. Mdomo wa mtu huyu, jamani! Hata ukiuzika utaendelea.

Diski zina namba, lakini namba ziko katikati, na katikati ya Delmar haifanyi kazi. Alipoangusha boksi siku ya kwanza zikachanganyika, basi. Aliketi ndani ya pikapu mbele ya gereji, injini inaunguruma, anatumbukiza moja baada ya nyingine kwenye mashine ya gari: ghalani, kivukoni, mazishini, ghalani tena. Siku ya sita ndipo alipoipata ya kumi. Siku ya saba, Jumatano, mchana, alikuwa na ya kumi na moja, na amebakiza dakika ishirini. Akapanga aendeshe pole pole hadi maktaba, aegeshe, amalizie, arudishe, awe nyumbani kabla ya jua kushuka. Mpango mzuri. Mjane alikuwa gatini na kivuko kilikuwa kinakaribia, Delmar anasogea kwenye sanduku la kurudishia vitabu, lile la chuma lililosimama kando ya njia ili mtu atumbukize bila kushuka garini, na hapo Corinne akatokea na koleo la theluji, anatabasamu, anagonga dirisha.

Delmar alizima mashine kwa kiganja kama anayeua nzi. Akasukuma boksi kwenye mdomo wa sanduku, akapunga mkono, akaondoka. Alikuwa amefika nyumbani na kuvua buti kabla hajajua alichofanya. Au tuseme, alijua simu ya ukutani ilipolia na Lavonne akapokea.

"Ee, Corinne... Ya mwisho?... Ndani ya gari, bila shaka... Hapana, hapana, si usumbufu." Akakata. Akasimama na mkono juu ya simu. "Diski ya kumi na moja haimo, Delmar."

Delmar akaanza kuvaa buti tena.

"Wanafunga saa kumi na moja na nusu," akasema. "Nafika."

Nje kulikuwa kunaingia rangi ile ya maji ya vyombo, si mchana wala si usiku, na theluji laini inaanguka. Lavonne akatazama dirishani.

"Nikupeleke?"

Hiyo ilikuwa ya pili.

"Hapana, wala usijisumbue. Dakika kumi tu."

Delmar akamwona akisogea nusu hatua, au akaona mabega yakisogea. Kama angeuliza tena pale pale, sijui. Hakuuliza. Delmar akatoka.

Barabara aliijua. Kona ya kanisa aliijua, daraja alilijua, taa pekee ya Nordby aliijua kwa kuwatazama wenzake pembeni wakisimama. Hata njia ya maktaba aliijua, ila jioni ile Corinne alikuwa ameisafisha, na rundo la theluji ambalo Delmar alilipima mchana kwa pembe ya jicho halikuwepo tena. Alilitafuta sanduku. Alilitazama moja kwa moja. Na kwa kuwa alilitazama moja kwa moja, halikuwepo.

Kishindo cha kuligonga kiliwatoa nje hata watu wa duka la mbao.

Delmar hakuumia. Sanduku ndilo lililolala chali, mlango wazi, limetapika kila kitu juu ya theluji: vitabu vya watoto, vya upishi na vya kupunguza uzito. Corinne alikuja mbio bila koti. Akatazama sanduku, akamtazama Delmar, akauliza kama yuko salama, na Delmar akamwambia si mbaya. Mikono ilikuwa imegandia kwenye usukani. Haikuwa baridi. Mahali pale pale kila Jumatano saa kumi na moja watoto hupita wakitoka kwenye hadithi za jioni maktabani; leo tu theluji iliwachelewesha ndani. Aliwasikia kupitia kioo, wanacheka, wanaulizana ni nini kile kilicholia. Akawa anawahesabu kwa sauti zao na hakuweza kuacha.

Corinne alimpigia simu Lavonne, na baada ya dakika kumi gari dogo jekundu likasimama nyuma ya pikapu. Lavonne akashuka, na upande wa dereva akashuka Arvilla Stenberg, ameshika bakuli lililofunikwa, kwa sababu Arvilla akisikia ajali hutoka na chochote kilichopo jikoni.

"Delmar," Arvilla akasema dirishani kwa upole wake, "nasikia mimi ni mwizi wa vitabu."

"Arvilla, mimi..."

"Na kwamba nililia sura ya ishirini na tano."

"Samahani sana, Arvilla."

"Mimi mwenyewe bado ni wa themanini na tatu kwenye foleni," Arvilla akasema. "Usiniambie kinaishaje." Akaenda kumsaidia Corinne kuokota vitabu.

Lavonne akafika mlangoni mwa pikapu. Delmar akateremsha kioo. Akangoja. Sasa ndipo alipoelewa jinsi alivyokuwa anahesabu: moja ilikuwa kanisani, ya pili jikoni. Alikuwa tayari. Kama angeulizwa tu. Lakini Nordby hujapewa mara ya tatu huwezi kupokea; hakuna mtu amewahi kufanya hivyo, hata maneno yake hayapo.

"Theluji inazidi," Lavonne akasema.

"Ndiyo."

"Walisema inchi mbili. Hizi zitafika nne."

"Zitafika."

"Sanduku lenyewe lilikuwa la zamani."

"Lilikuwa la zamani," Delmar akasema. Alimtafuta usoni, akamkosa. Je, kama amechoka? Mtu anaruhusiwa kuuliza mara mbili na kuishia hapo. Atasemwa kidogo, atasahaulika. Angemlaumu nani, yeye aliyemfanya mkewe acheze mchezo wa Arvilla mwezi mzima kwa sababu hakuna mlango mwingine aliouacha wazi? Ndani ya programu ile simu ya pili iliandikwa "Simu ya Baba" tangu siku ya kwanza, na Corinne alikuwa amemsomea Lavonne. Hata hilo hakulijua; maandishi hayo ni madogo.

"Mimi ndiye niliyekutajia diski," Lavonne akasema. "Nilidhani utasikiliza nyumbani, umeegesha. Heri ningekufungia jikoni, Delmar, Mungu anisamehe." Sauti yake ilikuwa imechanika. Akajifuta pua na glavu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayemimina kahawa:

"Niendeshe mimi?"

Delmar akachomoa funguo. Zilimshinda mara ya kwanza, akazichomoa tena, akazipitisha dirishani.

"Basi," akasema, "kama si usumbufu."

Akashuka, akazunguka gari kwa kushika boneti, akapanda upande ambao hajawahi kukaa tangu anunue gari lile. Mkanda hakujua uko wapi. Lavonne akavuta kiti mbele, akarekebisha vioo vyote vitatu bila haraka, akawasha. Na mashine ikaamka yenyewe pale ilipozimwa: kivuko kinagusa gati, sauti ile nzito inasema mjane aliangalia abiria mmoja mmoja wakishuka.

Delmar akanyoosha mkono azime.

"Acha," Lavonne akasema. "Corinne kasema tumalizie, atamwandikia dereva wa lori."

Wakaenda. Lavonne anaendesha pole pole kama anayebeba mayai, na Delmar, mwenye miaka arobaini ya barafu, alishika mpini wa mlango kwa mikono yote miwili na kuuma meno asiseme neno. Alijua walipo kwa matuta. Duka la mbao. Njia panda.

"Angalia taa," akasema. Hakuweza kujizuia.

"Naiona," Lavonne akasema, akisimamisha gari. Kisha akamgeukia. "Wewe unaiona?"

Miaka arobaini na sita, na hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake swali la namna hiyo, lisilo na pa kutokea. Jibu lake la siku zote lilikuwa tayari mdomoni, limeshavaa koti. Delmar akaigeukia njia panda, akatazama moja kwa moja pale taa ilipokuwa tangu wajukuu hawajazaliwa.

"Hapana," akasema.

Lavonne akapunguza sauti ya msomaji.

"Ni nyekundu," akasema.

Wakangoja, barabara nzima haina gari jingine. Delmar akaachia mpini wa mlango.

"Sasa ni ya kijani," Lavonne akasema, akaongeza sauti, akaondoa gari.